Kadi ya Kunyweshea Ng'ombe

Miaka michache baada ya uchaguzi wa tisini na mbili, alikuja mgeni kutoka Nairobi, kijana msomi mwenye miwani na daftari la jalada gumu, akawa anazunguka Garissa akiuliza kwa nini wabunge wetu hawadumu. Alielekezwa kwangu kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu hudhaniwa anajua. Nilimwambia ni mambo ya koo. Akafurahi, maana ndivyo alivyokuwa ameshaandika. Nikamwongezea ukame, vyama vingi na ubovu wa barabara. Aliandika yote, akanywa chai yangu vikombe vitatu, akaenda zake. Habari ya ndama sikumwambia.

Sikumwambia kwa sababu mimi mwenyewe nimo ndani yake, na simo upande ulio mzuri.

Mbunge wetu wa wakati huo alikuwa mtu mnene wa suti za mikono mifupi, mwenye tabia ya kuongea na watu huku akiangalia juu ya vichwa vyao, kama anayemtafuta mtu bora zaidi nyuma. Alichaguliwa mwaka wa themanini na nane kwa mlolongo. Waliozaliwa baadaye hawaujui upuuzi huo: mgombea au mtu wake alisimama uwanjani, na wapiga kura wakajipanga nyuma yake mchana kweupe, mbele ya chifu na askari. Mheshimiwa aligeuka nyuma siku ile, akaona msururu wa watu umefika hadi kwenye birika la mbuzi, na nadhani tangu hapo hakuwahi kugeuka tena. Aliamini tumesimama pale pale tukingoja.

Alihamia Nairobi. Kwetu akawa anakuja kama homa, mara moja au mbili kwa mwaka, na akija hatuna raha. Hilo tungemsamehe. Hapa kwetu mbunge asiyeonekana si ajabu, na wengine tungewalipa wasionekane. Kosa lake lilikuwa kuanza kilimo.

Upande wetu, njia ya Balambala, Mto Tana umepakana na msitu mnene na mashamba, na mifugo haiwezi kushuka popote tu. Hushuka kwenye njia zake za tangu zamani, ambazo tunaziita malka. Ng'ombe anayetoka bara, amekaa siku mbili au tatu bila maji, huijua malka yake, na akifika karibu huanza kukimbia mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa mmiliki wa malka. Watu walipigana kwa majani, walipigana kwa wanawake, walipigana kwa upuuzi mtupu, lakini hata waliotoka kupigana walinyweshea malka moja, mmoja asubuhi na mwingine mchana.

Mheshimiwa alipata shamba kandokando ya mto, akapanda ndizi na maembe, akaleta pampu ya dizeli. Shamba likanenepa kama yeye. Mwaka wa tisini na mbili, kiangazi kilipotuchoma hadi mashina ya miti yakabaki bila magome, alizungusha seng'enge, na malka ikawa ndani ya seng'enge. Akaweka lango, na langoni akaweka mlinzi, shemeji yake, mtu mzima ambaye hakuwa amewahi kupewa mamlaka juu ya kitu chochote, hata kuku.

Kisha akaitisha baraza. Nilikuwepo. Alisema nchi imeingia vyama vingi na vurugu, na ng'ambo, Somalia, kumevurugika, wakimbizi wanamiminika Dadaab na mifugo ya kigeni inaingia, kwa hiyo ameonelea kila mwenyeji apewe kadi ya kunyweshea. Mwenye kadi atapita, asiye na kadi hatapita. Akamaliza kwa kusema ni kwa usalama wenu wenyewe.

Wazee waliitikia inshallah. Yeye akadhani wamekubali. Mtu wa kwetu aliyekaa Nairobi miaka minne akisahau maana ya inshallah inayosemwa polepole na macho yakitazama chini, basi kweli amekwisha.

Maana sisi wa mkoa huu tumedaiwa kadi tangu hatujaota meno. Ukienda Nairobi, basi linasimama kwenye kizuizi cha darajani, mnashushwa nyote, wazee kwa vijana, mnajipanga na vipande vya utambulisho mkononi kama watoto wanaokaguliwa kucha. Miaka mitatu tu kabla ya baraza lile tulikuwa tumepangwa tena, tukaulizwa babu wa babu zetu walizaliwa wapi, tukapewa kadi nyingine juu ya kipande, ya kuthibitisha kwamba sisi ni sisi. Mama yangu alifariki akiwa na kadi nyingi kuliko nguo. Katika nchi nzima ya Kenya, mtu ambaye angepaswa kujua kwamba watu hawa usiwaonyeshe kadi nyingine ni mbunge wao. Akatuletea kadi ya ng'ombe.

Zilichapishwa Nairobi, ngumu na za kung'aa. Picha yake ilijaza nusu ya kadi, akitabasamu. Chini yake iliandikwa Kibali cha Kunywesha Mifugo, halafu mistari mitatu ya kujaza: jina la mwenyewe, idadi, na rangi. Ng'ombe walipewa mistari miwili, yeye nusu ya kadi.

Mistari ile aliijaza nani? Mimi. Nina mwandiko mzuri, na wakati ule niliupenda kupita kiasi. Nilipewa saa ya mkononi yenye mkanda wa chuma na ahadi ya kuhamishiwa shule ya mjini, yenye umeme. Wiki mbili nilikaa kwenye meza chini ya turubai, watu wakipita mmoja mmoja, nikiwauliza wana ng'ombe wangapi. Kwetu mtu mwenye adabu hamwulizi mwenzake idadi ya mifugo yake. Mimi niliuliza mamia, nikiwa nimenyoosha mkono ili saa ionekane.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipita siku ya nne. Ndiye aliyenilea baba alipokufa, na karo yangu ya shule ilitoka katika maziwa yake. Kiangazi kilikuwa kimembakizia ng'ombe watatu: wawili weupe, na mmoja mweusi mwenye kipaji cheupe, ambaye ndiye aliyekuwa tegemeo, kwa kuwa alikuwa na mimba, na akizaa nyumba ile ingepata maziwa. Nikaandika: ng'ombe watatu, weupe wawili, mweusi mmoja. Shangazi aliitazama kadi, akaigeuza, akaitazama tena, akauliza kwa nini yule mtu anacheka. Nilimjibu kwamba anatabasamu. Akaifunga kwenye pindo la shuka lake.

Mweusi alizaa wiki chache baadaye, ndama jike. Siku ya tatu shangazi aliwapeleka mtoni. Yaliyotokea langoni nimesimuliwa na watu wengi, na wote wanakubaliana. Shemeji wa Mheshimiwa aliisoma kadi kwa kidole, akahesabu ng'ombe kwa kidole hicho hicho, akasema kadi inasema watatu na hapa wako wanne. Shangazi akamwambia huyu wa nne alikuwa tumboni ilipoandikwa. Jamaa akafikiri. Akasema basi angesema mapema.

Aliwaruhusu watatu waingie na ndama abaki nje. Weupe wakaingia wakanywa. Mweusi alifika nusu ya njia, akamsikia mtoto wake analia, akarudi. Alirudishwa kwa fimbo, akarudi tena. Akasimama langoni, maji anayaona, ulimi nje, akilia na kumlamba ndama kupitia seng'enge. Waliokuwa kwenye foleni walimwomba mlinzi. Akasema yeye hana makosa, anafuata maandishi.

Shangazi akaja kwangu shuleni, saa sita za mchana, nikiwa darasani. Alisimama mlangoni hadi nikatoka. Alifungua pindo, akanipa kadi, akasema niongeze mmoja.

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Ile ile niliyojazia kadi. Nilimwambia siwezi, kwamba badiliko lolote lazima lipigwe muhuri na Mheshimiwa mwenyewe, na Mheshimiwa yuko Nairobi, bunge linakaa. Nilisema hivyo kwa sauti ya ofisi, sauti ambayo nilikuwa nimeianza mwaka ule. Nilikuwa naiwaza shule ya mjini. Shangazi aliitazama kalamu, hakuutazama uso wangu, akachukua kadi yake, akaondoka.

Aliwapeleka kwenye malka nyingine upande wa chini, mwendo wa siku nzima. Mweusi hakufika. Alianguka kwenye kichaka cha mwisho kabla ya mto, na shangazi alimchinja haraka asife kibudu, nyama wakagawana na watu waliokuwa karibu. Ndama alimbeba begani, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akamlea kwa maziwa ya mbuzi wa jirani.

Mheshimiwa alikuja wiki iliyofuata, na msafara wa magari manne. Tulikaa kwenye mikeka nyumbani kwake, sisi wapambe: diwani mmoja, wenye maduka wawili, shemeji mlinzi, na mimi. Nilijikaza nikamweleza habari ya ndama, nikaificha kidogo, nikasema mama mmoja. Sikusema shangazi yangu. Alisikiliza huku akichokonoa meno. Halafu akasema:

“Mwambie ng'ombe wake wapange uzazi.”

Diwani alicheka hadi akashika mbavu. Wenye maduka wakacheka. Shemeji alicheka kwa kuchelewa, baada ya kuelezwa. Na mimi nilicheka. Nasema wazi ili mtu asije akanitafutia udhuru: nilicheka, tena kwa nguvu.

Mheshimiwa hakujua alichokifanya. Alidhani amefanya mzaha chumbani kwake, na mzaha wa mbunge hubaki chumbani kama wa mfalme. Lakini kwetu watu wawili wakikutana njiani hawaachani hivi hivi. Husimama, hushika fimbo, huulizana habari: mvua iko wapi, nani amekufa, nani amezaa, nani amesema nini. Huwezi kupita bila kutoa habari uliyonayo, ni utovu wa adabu. Ndiyo maana mchungaji asiye na redio wala viatu alijua mambo ya Mogadishu kabla ya mkuu wa wilaya. Maneno yale ya kupanga uzazi yaliondoka mikekani alasiri ile, yakavuka mto na kurudi. Baada ya siku kumi, jamaa mmoja aliyetoka kuuza mbuzi sokoni Hagadera alinisimulia yote, akaigiza mpaka kuchokonoa meno. Alijua hata waliocheka ni watano.

Kutoka hapo hakuna mtu aliyemtukana Mheshimiwa. Ndilo lililonitisha. Alileta malori ya mchele, watu wakapokea. Alichinja ngamia, watu wakala wakanawa mikono. Kila mkutano walimwitikia inshallah, na yeye akawa anapata usingizi mzuri. Wapambe walimwambia amepita bila kupingwa, ingawa mpinzani alikuwepo: mtu mmoja mkimya aliyekuwa karani wa mifugo, asiye na hotuba wala akili za ajabu, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwa yeye.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Mheshimiwa. Mlolongo ulikuwa umefutwa, na kura sasa ingepigwa kwa siri, nyuma ya pazia. Mtu aliyeshinda kwa kuona migongo na nyuso hakupenda pazia. Akabuni dawa, na kwa akili zake ilikuwa dawa ile ile: kadi. Alitangaza kwamba kila mtu aje kupiga kura na kadi yake ya kunyweshea, awaonyeshe mawakala wake mlangoni, wapate kujua nani ni wao. Asiyeonekana na kadi, malka aisahau.

Siku ya kupiga kura, Desemba, nilikuwa karani katika kituo cha shuleni kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuchovya vidole kwenye wino. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu mkuu aliyeletwa kutoka Ukambani, mtu mpole aliyeteseka na joto. Watu walikuja kabla jua halijachomoza vizuri, na kila mmoja alikuwa ameshika kadi. Wakala wa Mheshimiwa alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akihesabu picha za bosi wake kwa furaha. Kufikia saa nne alituma mtu na baiskeli akamwambie Mheshimiwa mambo ni mazuri.

Mzee mmoja alifika mezani, akachukua karatasi yake ya kura, akaenda nyuma ya pazia, akarudi. Mbele ya sanduku alisita, akamwuliza msimamizi kwa Kiswahili:

“Mwalimu, hii kadi nawesa kutia humo bamoja na kura? Si yangu hii. Ni ya huyu mwenye bicha.”

Msimamizi hakuelewa. Alimwambia sanduku ni la kura tu. Mzee akasema sawa, akatumbukiza karatasi iliyokunjwa, na kadi ikiwa ndani ya mkunjo. Wakala kwenye benchi aliiona ncha ya kadi ikizama, akatabasamu. Alidhani ni mapenzi.

Nilianza kuwaangalia wanaofuata. Mmoja kwa mmoja, wanaume na wanawake, karatasi iliingia ikiwa nene. Msimamizi alikuwa anajifuta jasho. Mimi niliona, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kwa mara hii sikujutii.

Shangazi alikuja adhuhuri. Alininyooshea kidole nikichovye, kama anavyomnyooshea mtu asiyemjua. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Alikwenda nyuma ya pazia, akakaa kidogo kuliko wengine, akatoka, akatia sandukuni, akaenda zake bila kutazama mezani.

Kesho yake asubuhi masanduku yalifunguliwa katika ukumbi wa makao makuu. Nilikuwa miongoni mwa wahesabuji. Mheshimiwa alikuja mwenyewe, na suti mpya, akaketi kwenye kiti cha mbele. Sanduku la kituo chetu lilipomwagwa, kwanza zilitoka kadi. Zilianguka mezani kwa sauti, ngumu na za kung'aa, na kutoka kila upande wa meza ile uso wake ulikuwa unatabasamu. Alisimama. Alifurahi, maskini. Kusema kweli sijaona furaha ya kijinga kama ile tangu nizaliwe. Akamwambia msimamizi mkuu wa uchaguzi kwamba hizo zote ni zake na zihesabiwe.

Msimamizi mkuu, ofisa mkavu aliyekuwa akingojea pensheni, aliokota kadi moja, akaisoma mbele na nyuma, akaiweka chini.

“Mheshimiwa, kadi ya ng'ombe si kura,” akasema.

Tukatenga kadi upande mmoja na kura upande mwingine. Rundo la kadi lilikuwa refu kuliko rundo lake la kura. Sanduku la pili, kadi. La tatu, kadi. Walikuwa wamepatana, kwa kuulizana habari tu njiani, kambi kwa kambi, na hakuna mpambe hata mmoja aliyesikia, kwa sababu wapambe hatukuulizwa habari na mtu yeyote tena. Kufikia sanduku la tano, Mheshimiwa alikaa. Kufikia la saba alikuwa anasema kwamba kadi zenye picha yake zinaonyesha nia ya mpiga kura, na atakwenda mahakamani. Hakwenda. Hata wakili ana aibu yake.

Katika rundo la kituo chetu niliiona kadi ya shangazi. Niliujua mwandiko kabla ya jina. Kwa kuwa kadi hazikuwa kura, hakuna aliyezijali, nikaitia mfukoni. Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilifikiri nitampelekea, tutacheka pamoja, na kicheko hiki kitafuta kile.

Watu walikuwa wameshang'oa seng'enge nilipofika kwake siku ya tatu. Alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, ndama ameegemea goti lake, mbavu nje lakini mzima. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia Mheshimiwa ameanguka, akasema amesikia. Nikatoa kadi, nikamnyooshea kwa mkono wenye saa, nikamwambia hii hapa, kumbukumbu. Hakuipokea. Aliendelea kumkuna ndama shingoni, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile aliyokuwa akiniulizia kama nimekula:

“Yeye tulimpa kiti, tumekichukua. Wewe uliandika, ukakataa kuandika, ukacheka. Wewe tunakutoaje?”

Akaamka kwenda kumwombea ndama maziwa kwa jirani.

Yule karani wa mifugo naye aliangushwa baada ya miaka mitano, kwa ujinga wake wa aina nyingine, na aliyemfuata naye vivyo hivyo. Kwao kuna uchaguzi. Shule ya mjini sikuhamishiwa. Saa ilisimama zamani. Kadi ninayo, kwenye sanduku la vyeti vyangu, na ule mwandiko bado ni mzuri: ng'ombe watatu, weupe wawili, mweusi mmoja. Baada ya maneno hayo mstari unaendelea mtupu hadi ukingoni, na nafasi ya kuandika ndama mmoja inatosha kabisa.